Kutoka Songo Songo hadi Jikoni Wambaa: Mhadhara juu ya Gesi na Moto wa Kila Siku

Neno gesi, kama linavyotumika leo sokoni, ofisini na redioni, hubeba vitu vitatu ambavyo mara nyingi hupokewa kana kwamba ni kimoja. Iko gesi asilia inayochimbwa katika mikoa ya Lindi na Mtwara na kuendesha mitambo ya umeme na viwanda; iko gesi ya mtungi inayopikiwa majumbani; na iko gesi inayotafutwa katika bahari ya Zanzibar, ambayo haijatoka bado, lakini imezungumzwa kuliko hizo mbili zinazotumika. Mhadhara huu unazitenganisha gesi hizo, unaeleza kila moja inavyopatikana na inavyofanya kazi, kisha unauliza ni ipi kati yake inayoweza kubadilisha moto wa kila siku wa Mpemba wa kijijini, na kwa masharti gani.

Mahali palipochaguliwa kuwa kipimo ni Wambaa, shehia ya Wilaya ya Mkoani katika Mkoa wa Kusini Pemba, iliyoko upande wa magharibi wa kisiwa, ikiutazama Mkondo wa Pemba na bara iliyo ng'ambo yake. Watu wake wanaishi kwa karafuu, nazi, muhogo na uvuvi. Hakuna bomba la gesi linalofika huko, wala kisima, wala kiwanda cha kusafishia gesi, na hata hivyo gesi zote tatu zimekwisha kufika Wambaa kwa namna zake: ya kwanza kwa waya wa umeme, ya pili begani mwa mchukuzi, na ya tatu kwa habari. Dai linalotetewa hapa ni kwamba jiko la Wambaa halina sababu ya kuisubiri hiyo ya tatu, na kwamba kinacholichelewesha kuipata ya pili ni namna moto wenyewe unavyouzwa, zaidi kuliko uhaba wa gesi duniani au ugumu wa watu kuacha mazoea.

Gesi asilia ni mchanganyiko wa haidrokaboni, yaani viunganiko vya kaboni na hidrojeni peke yake, ambavyo vilitokana na mabaki ya viumbe vidogo vya baharini na mimea iliyofukiwa chini ya matabaka ya udongo kwa mamilioni ya miaka, ikapikwa na joto la ardhi, kisha gesi ikapanda polepole kupitia nyufa hadi ilipozuiwa na mwamba usiopitisha kitu. Mwamba wenye vitundu ambamo gesi hujikusanya huitwa mwamba mhifadhi, na ule unaoufunika huitwa mwamba kifuniko. Pasipo miamba hiyo miwili kukutana, gesi hutoroka hewani na hakuna kisima kitakachoipata. Sehemu kubwa ya mchanganyiko huo ni methani, haidrokaboni nyepesi kuliko zote, yenye atomu moja ya kaboni na nne za hidrojeni. Gesi ya Songo Songo ina methani takriban asilimia 97, na kwa sababu hiyo wataalamu huiita gesi kavu, maana yake ni kwamba haina kiasi kikubwa cha haidrokaboni nzito zinazoweza kugeuka kimiminika kwa urahisi. Ukavu huo utarejewa hapa chini, kwa kuwa ndio unaoamua mambo mengi kuliko inavyodhaniwa.

Songo Songo ni kisiwa kidogo katika Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi. Kampuni ya Kiitaliano ya AGIP iligundua gesi huko mwaka 1974, na miaka minane baadaye, mwaka 1982, ikaigundua tena Mnazi Bay, Mtwara. Lakini AGIP ilikuwa ikitafuta mafuta, na gesi isiyo na soko karibu haikuihusu, ikaiacha. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, yaani TPDC, likaendelea kuchoronga visima vya kuhakikisha kiasi kilichopo, na bado gesi ikabaki chini hadi mwaka 2004, bomba lilipokamilika kutoka kisiwani kupitia baharini hadi Somanga Funga, na kutoka hapo kwa nchi kavu zaidi ya kilomita 200 hadi mitambo ya Ubungo, Dar es Salaam. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill nacho kikaunganishwa. Tangu kugunduliwa hadi kuwasha taa ya kwanza ilipita miaka 30, muda ambao mtoto aliyezaliwa Kilwa mwaka ule alikuwa tayari ana watoto wake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi zaidi. Bomba kubwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015, likilishwa na Mnazi Bay na Songo Songo, na mitambo ya Kinyerezi ikajengwa kulitumia, ule wa kwanza wenye megawati 150 na wa pili megawati 240. Kwa miaka mingi tangu hapo, kabla Bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuzalisha mwaka 2024, zaidi ya nusu ya umeme wa Gridi ya Taifa ulitokana na gesi asilia. Gridi ni mtandao wa nyaya unaopokea umeme wa mitambo yote, wa maji na wa gesi, na kuuchanganya kiasi kwamba hakuna anayeweza kusema taa yake inawaka kwa upi.

Pemba iliingia katika mtandao huo mwaka 2010. Kabla ya mwaka huo kisiwa kizima kilitegemea mitambo ya dizeli ya Wesha, nje kidogo ya Chake Chake, na kila lita ya dizeli ilibidi ivuke bahari. Umeme ulikuwa haba, wa kukatika, na vijiji vingi viliendelea na koroboi. Mwaka huo ulizinduliwa waya wa chini ya bahari uliolazwa kwa msaada wa Norway, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 70, kutoka pwani ya Tanga hadi Pemba, uliojengwa kwa uwezo wa megawati 25. Kwa waya huo, methani iliyolala chini ya Songo Songo tangu enzi za dinosaria ilifika Wambaa ikiwa mwanga, friji ya duka, chaji ya simu na pampu ya maji, bila mwanakijiji yeyote kuombwa kuijua kwa jina. Hii ndiyo gesi ya kwanza ya Wambaa. Inastahili kutajwa kwa jina lake, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba Pemba itaanza kutumia gesi asilia siku itakapochimbwa Pemba, hali ya kuwa imeitumia tangu zaidi ya miaka kumi.

Gesi ya pili ni ya mtungi, na hapa ndipo mkanganyiko ulipo mkubwa. Kilichomo ndani ya mtungi ni propani na butani, haidrokaboni nzito kuliko methani, zenye kaboni tatu na nne kwa mfuatano huo. Hupatikana kwa njia mbili: hutolewa wakati mafuta ghafi yanaposafishwa, au hutenganishwa na gesi asilia iliyo nzito, ile isiyokuwa kavu. Sifa yake kubwa ni kwamba ikikandamizwa kwa shinikizo la kadiri hugeuka kimiminika katika joto la kawaida la chumba, na ndiyo maana anayetikisa mtungi husikia kitu kikicheza ndani kama maji. Methani haikubali hivyo. Ili iwe kimiminika ni lazima ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri katika kipimo cha selsiasi, ambapo ujazo wake hupungua takriban mara 600, na kazi hiyo huhitaji kiwanda cha mabilioni ya dola na meli zenye matangi maalumu. Njia nyingine ni kuishindilia ikiwa bado hewa, kwa shinikizo linalozidi mara 200 la hewa ya kawaida, katika mitungi minene ya chuma. Hiyo ndiyo gesi iliyoshindiliwa inayotumiwa na magari na bajaji za Dar es Salaam. Njia ya tatu ya kuifikisha methani ni bomba, nalo limefika katika nyumba chache za Dar es Salaam na Mtwara.

Kwa hiyo, gesi kavu ya Songo Songo haiwezi kujazwa katika mtungi wa kilo 6 unaouzwa dukani Mkoani, hata kama nchi ingekuwa nayo mara kumi zaidi. Mitungi yote ya kupikia Tanzania hujazwa propani na butani zinazoagizwa kutoka nje kwa meli. Jambo hili husemwa mara chache katika hotuba, na kutosemwa kwake kumewafanya watu wengi wa kawaida kuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini bei ya mtungi haishuki ilhali kila mwaka wanaambiwa nchi ina gesi nyingi. Bei ya mtungi hufuata soko la dunia la propani na butani, nauli ya meli na thamani ya shilingi. Kwa Mpemba huongezeka nauli ya pili, ile ya kuvusha mtungi mjazo kuja kisiwani na kuurudisha mtupu.

Mfano wa Oman unasaidia, na ni mfano ulio karibu na Wapemba wengi wenye ndugu Maskati na Sur. Nchi hiyo ina gesi asilia nyingi, na tangu mwaka 2000 imekuwa ikiisafirisha ikiwa kimiminika kutoka Qalhat, karibu na Sur, mji ambao majahazi yake yalikuwa yakija Zanzibar kwa pepo za kaskazi. Hata hivyo, majiko mengi ya nyumbani huko yanapikia gesi ya mtungi inayopitishwa mitaani kwa magari. Kuwa na visima na kuwa na bomba jikoni ni mambo mawili, na nchi iliyoendelea sana katika la kwanza inaweza kuishi miaka mingi bila la pili.

Sasa na litazamwe jiko lenyewe. Jiko la kawaida la kijiji cha Pemba ni mafiga matatu katika banda la nyuma ya nyumba, na moto wake ni kuni, makuti, makumbi na vifuu vya nazi. Wenye nafasi huongeza seredani ya mkaa kwa chai na kwa kuchoma. Moto huu una sifa ambazo si haki kuzipuuza. Hauna bei kwa anayeokota mwenyewe, hukubali chungu cha kila ukubwa, moshi wake hukausha mbata na huzuia wadudu kuyala makuti ya paa, na hakuna jiko jingine la nyumbani linaloweza kubeba sufuria za pilau ya harusi au ya hitima. Anayewaambia watu wauache moto huu bila kuyataja hayo hatasikilizwa, na hastahili kusikilizwa.

Gharama yake ni ya aina nyingine. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya takriban megajuli 16, na mafiga matatu hufikisha chunguni kati ya sehemu 10 na 15 tu katika kila mia. Zilizobaki huondoka na upepo, moshi na joto la ukuta. Megajuli ni kipimo cha nishati, na zinazohitajika kuchemsha lita moja ya maji ya kisimani ni karibu theluthi moja ya megajuli. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina megajuli 46 hivi, na jiko lake hufikisha chunguni zaidi ya nusu. Ukipiga hesabu, mtungi wa kilo 6 hufanya kazi ya kilo 70 hadi 80 za kuni. Kilo hizo 80 ni lazima zikatwe, zifungwe, zibebwe kichwani, zikaushwe na zichanjwe, na kazi hiyo huangukia wanawake na watoto, ambao saa zao hazijapangiwa bei na kwa sababu hiyo huonekana kana kwamba ni za bure. Kuni nazo zinazidi kuwa mbali. Katika kisiwa chenye watu zaidi ya 540,000 kwa sensa ya 2022, kila bonde lina mwenyewe, mikarafuu hailimwi iwe kuni, na kinachobaki kukatwa ni vichaka na mikoko, ile ile mikoko inayozuia bahari isile ufukwe na inayolea samaki wachanga wa mvuvi wa Wambaa.

Juu ya hayo kuna moshi. Kuni zinazoungua nusu nusu hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayozuia damu kubeba oksijeni, pamoja na chembe ndogo za masizi zinazoingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vya maradhi ya moyo, kiharusi, vichomi na maradhi sugu ya mapafu. Mwanamke anayepika mara tatu kwa siku tangu utotoni, na mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni kwake, wamo katika hesabu hiyo. Hili ni suala la afya kabla halijawa suala la misitu, na inasikitisha kwamba kwa miaka mingi lilijadiliwa kwa upande wa miti tu, kana kwamba mapafu ya mpishi hayamo katika mazingira yanayohifadhiwa.

Serikali imeanza kulitazama hivyo. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa miaka kumi, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034, na siku chache baadaye alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris juu ya upishi safi barani Afrika. Zanzibar ina mamlaka zake za nishati, ikiwemo ZURA inayodhibiti huduma za maji na nishati, na utekelezaji wa mambo haya visiwani utapimwa kwa njia zake. Lakini lengo la asilimia halielezi kwa nini nyumba iliyokwisha kununua jiko la pleti mbili na mtungi wake hurudi kwenye mafiga baada ya gesi ya kwanza kwisha, na huko kurudi ndiko kiini cha jambo.

Mapato ya kijiji cha karafuu huja kwa msimu. Mavuno yakiwa mazuri fedha hupatikana kwa mkupuo, na huo ndio wakati wa kuezeka bati, kuoza, kulipa madeni na kununua mtungi. Msimu ukipita, nyumba huishi kwa fedha ndogo ndogo za samaki, muhogo na vibarua, na mahitaji hununuliwa kwa kadiri ya siku: mafuta ya kula kwa kipimo, sukari kwa robo, mkaa kwa kopo badala ya polo. Mtungi haukubali ununuzi wa namna hii. Unadai fedha zote kwa siku moja, na siku hiyo ikikuta mfuko mtupu, nyumba hurudi kwenye kuni hata kama kwa hesabu ya mwezi mzima gesi ingekuwa nafuu kuliko mkaa. Mpishi wa Wambaa anaijua hesabu hiyo vizuri. Anachokosa ni muuzaji anayemuuzia moto kwa kipimo anachomudu. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba wanavijiji wanahitaji kuelimishwa juu ya faida za gesi wamekosea mahali pa kutazama.

Njia ya kuuza gesi kwa kipimo cha siku imekwisha kujaribiwa katika ukanda huu. KopaGas, iliyoanzia Dar es Salaam, ilitengeneza mita inayofungwa kichwani mwa mtungi, ikipima gesi inayotoka na kufunga mlango fedha zilizolipwa kwa simu zikiisha, na teknolojia yake ilinunuliwa mwaka 2020 na Circle Gas, na kwa njia hiyo ikatumika hata Kenya. Mpishi hulipia chakula cha jioni kama anavyolipia vocha ya simu, na mtungi hubadilishwa na mwenye kampuni kabla haujakauka. Ugumu wa kuifikisha huduma kama hiyo Pemba ni wa usafirishaji: inataka wateja walio karibu karibu, barabara zinazopitika wakati wa masika, na akiba ya kutosha upande huu wa bahari ili chombo kikikwama kwa kusi kali kisiwa kisikose moto. Ghala la akiba la kisiwa, la umma au la wafanyabiashara kwa masharti ya umma, lingelisaidia jiko la Wambaa kuliko kampeni kumi za kugawa mitungi midogo ya bure ambayo haina pa kujazwa karibu.

Hata nyumba ikiwa na fedha, haitaacha kuni kabisa, nayo ina sababu. Gesi huwashwa kwa chai ya alfajiri, kwa uji wa mtoto, kwa kupasha chakula na kwa futari ya Ramadhani, wakati mambo mengi yanatakiwa yaive kwa pamoja. Kunde na maharage, yanayotaka saa nyingi, hubaki kwenye mafiga. Watafiti huita hali hii mchanganyiko wa majiko, na wako wanaoiona kuwa ni kushindwa. Lakini nusu ya moshi ikiondoka, mapafu yamepata nafuu ya kweli, ingawa haitoshi, na chungu cha kupikia kwa shinikizo, kinachopunguza muda wa maharage kwa zaidi ya nusu, kingeondoa sehemu kubwa ya iliyobaki, kiwe cha gesi au cha umeme.

Mchanganyiko huo wa majiko, hata hivyo, una hatari ambayo haina budi kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa inahusu nyumba hizi hasa. Methani ni nyepesi kuliko hewa na ikivuja hupanda na kutoka juu. Propani na butani ni nzito: propani ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, na butani mara mbili. Gesi ya mtungi ikivuja hutambaa sakafuni, hujaa mashimoni na chini ya vitanda, na hukaa hapo ikingoja cheche, hata kama dirisha la juu liko wazi. Kinachoitoa ni mlango uliofunguliwa na uwazi wa chini ya ukuta. Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu ya kitu kilichooza inayosikika ni dawa ya salfa iliyotiwa makusudi ili mwenye nyumba ashtuke. Akishtuka, asiwashe taa wala asiizime, kwa sababu swichi hutoa cheche. Afunge mtungi, afungue milango, atoe watu nje. Mpira wa gesi hukaguliwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Mtungi husimamishwa wima wakati wote, kwa kuwa ukilazwa kitakachotoka ni kimiminika badala ya mvuke, na moto utaruka kupita kiasi cha jiko. Na jambo linalohusu banda la Kipemba: mtungi haukai chumba kimoja na mafiga. Nyumba inayoupeleka mtungi jikoni kwa sababu ndiko kulikozoeleka kupikia, huku moto wa kuni ukiwaka hatua mbili mbele yake, imekusanya hatari zote mahali pamoja.

Umeme nao unaweza kupika, na kwa kuwa waya umekwisha kufika, liko swali la haki: kwa nini usitumike badala ya mtungi unaovushwa bahari? Jibu linapatikana kwa hesabu. Megawati 25 ni kilowati 25,000, na chungu cha umeme cha kawaida hutumia karibu kilowati moja. Vyungu 25,000 vikiwashwa kwa wakati mmoja wa futari vingeumaliza waya wote kabla ya taa, friji na hospitali. Upishi wa umeme Pemba unahitaji kwanza waya mkubwa zaidi, na utakapopatikana, mpishi atastahili kuchagua.

Gesi ya tatu, ile ya baharini, ina historia ndefu kuliko inavyokumbukwa. Tundaua, upande wa magharibi wa Pemba, pana mahali ambapo mafuta huchirizika yenyewe kutoka ardhini, na dalili hiyo ilizivuta BP na Shell, zilizochoronga kisima Unguja katika miaka ya 1950 na kisima cha Pemba-5 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hakikupatikana kiasi cha biashara. Mwaka 1968 mafuta na gesi asilia viliongezwa katika orodha ya mambo ya Muungano, na mvutano juu ya jambo hilo ulikwamisha vitalu vya Shell vilivyoko mashariki ya visiwa tangu 2002. Njia ilifunguliwa na Sheria ya Petroli ya 2015, iliyoiruhusu Zanzibar kusimamia rasilimali hizo yenyewe, na Baraza la Wawakilishi likatunga sheria yake mwaka 2016. Oktoba 2018 Zanzibar ilisaini na RAK Gas ya Ras Al Khaimah mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji, yaani mkataba ambao kampuni hubeba gharama za utafutaji na kufidiwa kwa sehemu ya kitakachopatikana, na Machi 2024 ikanadi vitalu vinane vya baharini.

Utafutaji huo ni halali na matumaini yake yana msingi wa kijiolojia, maana upande wa kusini, katika bahari kuu ya Lindi na Mtwara, zimegunduliwa tangu 2010 gesi zinazokadiriwa kufanya hesabu ya nchi kufika futi za ujazo trilioni 57. Lakini gesi hizo za bahari kuu hazijawasha hata jiko moja. Kiwanda cha kuigeuza kimiminika kilichokusudiwa Likong'o, Lindi, kimejadiliwa kwa zaidi ya miaka kumi, na makubaliano ya awali yalisainiwa Juni 2022. Mtwara, mwaka 2013, watu waliingia barabarani kupinga bomba, na walisukumwa kwa sehemu kubwa na ahadi walizokuwa wamezisikia na ambazo hawakuziona katika maisha yao. Pemba inayo nafasi ya kujifunza kwao kabla ya kisima cha kwanza. Ikiwa gesi itapatikana magharibi ya kisiwa, itachukua miaka mingi kuletwa juu, itauzwa kwanza kwa wanunuzi wakubwa ili kulipa gharama zake, na ikiwa ni kavu haitaingia mtunguni. Manufaa ya Wambaa yatapitia bajeti ya serikali, ajira na umeme, na yanaweza kuwa makubwa. Wenye kuogopa kwamba visima vitaharibu uvuvi nao wana haki ya kujibiwa kwa tathmini za mazingira zilizo wazi na zinazosomeka kwa Kiswahili.

Kuhusu tabianchi, inatosha kusema kwamba methani ikiungua hutoa takriban nusu ya hewa ukaa ya makaa ya mawe kwa umeme ule ule, lakini ikivuja bila kuungua hupasha dunia joto mara 28 zaidi ya uzito sawa wa hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100, kwa hiyo bomba linalovuja hula faida yake. Mtungi wa jikoni uko katika hesabu nyingine, kwa sababu unachukua nafasi ya kuni zinazokatwa bila kupandwa tena. Methani hiyo hiyo, kwa njia fupi kuliko zote, hutoka pia kwenye samadi ya ng'ombe iliyofungiwa shimoni bila hewa, na mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu wa zizini na maji ya kutosha anaweza kupikia chai na wali wake kwa moto wa namna hiyo. Kwa asiye na ng'ombe, njia hiyo imefungwa.

Linabaki jambo la mizani. Kila mtungi una namba iliyochongwa au kuandikwa shingoni, nayo ni uzito wa chuma kitupu. Mtungi wa kilo 6 ukiwekwa kwenye mizani, uzito wote ukitolewa namba hiyo, ni lazima zibaki kilo 6 kamili, na pungufu ya nusu kilo ni sawa na kumnyang'anya mpishi zaidi ya kilo 6 za kuni alizokwisha kuzilipia. Duka linalouza gesi katika shehia kama Wambaa linatakiwa liwe na mizani hiyo mbele ya kaunta, mahali ambapo mnunuzi anaiona, na sheha ajue ofisi ya kuipelekea taarifa siku ambayo hesabu haikutimia.